Salamu Zako za Redioni

Mtinko, 1945

Mjukuu wangu Melkizedeki,

Marahaba. Nakujibu hapa kwa mkono wa mwalimu, maana dukani hukunisikia. Mtama umekauka, nami nimechoka.

Siku ya soko, redio ya dukani ilileta sauti yako kutoka vitani Burma. Ukaniamkia, kisha ukasema, "Mke wangu Selina, nakusalimu." Nikakishika kile kisanduku, nikapiga kelele, "Nyamaza wewe! Selina tumemzika, uzazi ulimshinda!" Watu wakacheka kwanza, kisha wakainamisha vichwa. Wewe ukaendelea kumwagiza akutunzie mbuzi.

Binti yako yuko mgongoni mwangu. Tumempa jina la mama yake. Akilia namjibu, naye ananisikia. Waachie Wazungu vita vyao, urudi umwite Selina hapa, aitike.

Bibi yako anayekungoja,
Magdalena