Gauni Lililovuka Ziwa

Jumapili, Mwanza. Mvua nzito ya masika tangu tulipoteremka melini.

Gauni langu la harusi limetundikwa mlangoni, pindo limejaa tope la bandarini. Kila nikiinua macho naona kama kuna mtu amesimama pale, ananisubiri niseme kitu.

Leo tumerudi kutoka fungate, ng'ambo ya ziwa. Nilidhani nitarudi na kurasa na kurasa za mapenzi. Nitaanza na hayo, maana nayo yalikuwepo.

Proje aliponiambia tunakwenda Uganda kutembea, mimi na yeye tu, nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna nyoka. Nani katika ukoo wetu kule Misungwi amewahi kwenda nchi ya watu kutazama tu? Watu huenda kwa matibabu, au kwa msiba. Tangu kiwanda kimpunguze kazini, Proje amekuwa akihangaika na biashara hii na ile kama wanaume wote wa mjini siku hizi. Nikaamini amejinyima kimya kimya kwa ajili yangu.

"Beba na gauni, mke wangu," akasema. "Nataka picha yako kwenye bustani ya Entebbe, ziwa likiwa nyuma yako."

Gauni hilo mama yangu alilishona mwenyewe, shanga moja baada ya nyingine. Nilikunja kila mkunjo nikitabasamu peke yangu kama mwehu.

Mvua ilitupokea Kampala na haikutuacha. Kila asubuhi Proje aliniaga anakwenda kutafuta gari la Entebbe. "Jua likichomoza tu, tunaondoka." Mimi nilikaa kwenye dirisha la hoteli, nikitazama maji mekundu yakiteremka mlimani na watu wakikimbia na mifuko ya nailoni kichwani. Alirudi mchana amelowa mpaka soksi. Nilimkausha kichwa kwa kanga yangu, nikijiona mwanamke mwenye bahati kuliko wote. Mume gani mwingine analowa hivyo kwa ajili ya picha moja?

Siku moja tulifika Jinja, pale mto Naili unapotoka ziwani. Hatukuona mbali kwa ukungu. Tulisimama chini ya mwavuli mmoja, bega langu la kushoto likilowa, na Proje akaninong'oneza, "Maji haya yalipita Mwanza kwanza yakuone, ndipo yakaja huku."

Nilicheka. Hata sasa nikiandika nimecheka kidogo, na hilo ndilo linaloniuma.

Kesho yake alinipeleka dukani nichague karatasi ya kufungia zawadi ya mama yake. Nilichagua ya rangi ya fedha, yenye njiwa weupe. Akanunua bunda zima pamoja na utepe mwekundu. Nikamuuliza, zote hizo za nini? Akajibu, "Mama yangu ana dada wengi, utawajua." Tukacheka wote wawili, na muuzaji naye akacheka.

Entebbe hatukufika.

Leo asubuhi, mawe ya Mwanza yalipoanza kuonekana kwa mbali katika mvua, Proje akaniambia, "Picha imeharibika, basi. Lakini lazima mji wako ukuone. Livae." Nikalivaa, na shela juu. Akina mama wa melini walinifunga vifungo vya mgongoni huku wakiimba. Niliteremka ngazi nimeshikwa mkono na mume wangu, vigelegele huku na huku, wapagazi wakinipisha. Nilijihisi malkia.

Tulipoingia banda la forodha, nikaona maboksi. Yalikuwa yamepangwa mpaka kifuani kwangu, yote yamefungwa kwa karatasi ya rangi ya fedha. Njiwa weupe. Utepe mwekundu.

Afisa alikuwa mama mtu mzima, uso wa upole. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, bibi harusi. Umependeza, mwanangu. Hivi vyote ni zawadi zenu?"

Proje aliniminya mkono. Wasafiri nyuma yetu walikuwa wanasubiri zamu yao, na banda zima lilikuwa linaniangalia mimi, na shela langu, na tabasamu ambalo lilikuwa bado halijapata muda wa kuondoka usoni.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni zawadi."

"Mungu awape mapacha!" Akapitisha chaki ya kuruhusu mzigo juu ya maboksi, moja baada ya jingine, bila kufungua hata moja. Kisha akanishika mashavu yangu kwa mikono yake yote miwili. Natamani angenizaba kofi.

Nje, Gervas, rafiki yake Proje, alikuwa anangoja na pikapu. Akakwangua karatasi kwenye kona ya boksi la kwanza kuhakikisha. Deki ya video. Wakapakia yote chini ya turubai, wakicheka kama watoto walioiba maembe.

"Shemeji, wewe ni kiboko!" akaniambia Gervas. "Gauni hilo lifue vizuri. Mwezi ujao ni Kisumu."

Nikamtazama Proje. Alikuwa anafunga kamba ya turubai, na hakugeuka.

Hakuna hata boksi moja lililokuja nyumbani. Hata la mama yake.

Tulipofika nilimuuliza, ni lini ulipanga haya, kabla ya kunichumbia au baada? Akasema ninakuza mambo. Kila mtu anatafuta njia siku hizi, ushuru utamaliza watu, na faida itatujengea nyumba Ilemela. Kisha akauliza kwa sauti ile ile ya chini ya mwavuli, "Kwani hukufurahi?"

Nilifurahi. Nilifurahi kila siku, na hiyo furaha yangu ndiyo aliyoipitisha forodhani.

Jioni. Niliacha kuandika kwa sababu mdogo wangu Kabula alikuja kusikia habari za safari. Anaolewa baada ya mavuno. Mama alisema tangu mwanzo gauni litakuwa lake baada yangu, mimi ndiye niliyeng'ang'ania nilitunze kwanza.

"Dada, mbona lina tope hivi? Ulilivaa ukalime?"

"Lichukue leo," nikamwambia. "Na shela pia."

"Leo hii? Shemeji hatakasirika?"

"Chukua, Kabula."

Amelikunja kwenye mfuko na ameondoka nalo kwenda Misungwi. Hakujua kwa nini nimemkumbatia muda mrefu vile. Mlango sasa uko wazi, naona mvua tu.

Proje hajarudi kutoka kwa Gervas, na hajui. Akirudi sitagombana naye. Nitamwambia niko tayari kwenda Kisumu naye mwezi ujao, nikiwa nimevaa kitenge changu cha kawaida, na kimfuko kimoja mkononi.

Je, bado atataka kunionyesha Kisumu?