Jina Langu Amempa Kima

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa sita

Edmond, bwana yangu, amerudi kutoka msituni. Nilimwekea maji ya kuoga. Hata hakuuliza kama mtoto wetu Shekinah ameota meno. Neno lake la kwanza — kima. Ile kima ya kidevu cheupe tunayoiona tangu utoto hapa Kashebere, kumbe haimo katika kitabu chochote cha dunia. Adrienne, yule mwanafunzi wa université aliyetoka Goma, ambaye Edmond anamwongoza msituni, eti alilia kwa furaha. Na zimebaki chache sana, zinaisha.

Sawa. Meno ni mawili.

Jumanne, tarehe 6

Ananionyesha foto kwa telefone. Jike, na katoto kamemshika tumboni. "Angalia anavyonyonyesha, Mama Shekinah. Anasinzia, lakini mukono haumuachi mutoto."

Anasema hivyo na mimi ninanyonyesha mbele yake, ninasinzia.

Kinyesi cha yule anakiokota na kijiko, anakifunga katika kachupa kama dawa — eti ndicho kitahakikisha kwamba ni aina ya peke yake. Cha binti yake hajawahi kukipangusa. Nikampa nepi. Ameziosha. Vibaya.

Alhamisi, tarehe 8

Adrienne alipita kuchukua mihogo ya safari. Ana heshima, sina la kumshitaki. Na si yeye ninayemwonea wivu. Akaniambia wanaandika kila kitu cha yule jike: rangi ya mkia, sauti, majani anayokula. Wamempa na jina, wasimchanganye na wengine. "Papa Edmond njo alilichagua. Consolée."

Adrienne anadhani ni jina la mtakatifu.

Consolée ni mimi. Tangu nizae hakuna anayeniita hivyo, hata mama yangu. Mama Shekinah asubuhi, Mama Shekinah jioni. Lile jina Edmond alikuwa analiita nyuma ya ua wa lupango la kwetu, polepole, baba asisikie. Sasa analiita chini ya miti.

Nilimwuliza. Akasema, "Ni jina zuri. Lilikuwa linakaa bure."

Nimelaza mtoto katikati yetu.

Jumapili, tarehe 11

Edmond alirudi msituni jana. Leo kaka yangu Samy amekuja na bunduki yake ya kuwindia. Kuna mtu wa Hombo anataka katoto ka ile kima, kakiwa kazima, hai. "Mama yake hatakaachilia, nitamupiga kwanza." Anasema hivyo huku anamrusha Shekinah juu, mtoto anacheka. "Bwana yako anakuambia yote, dada. Hao kima wanalala wapi? Kwa muto ao kwa kilima?"

Kilima. Ninajua mpaka mti wenyewe. Neno moja tu, na Edmond hana tena sababu ya kulala huko. Nililisikia mdomoni, tamu.

Nikasema mto.

Samy akaniangalia. Anajua sura yangu nikidanganya. Akamweka Shekinah magotini. "Utaapa kwa kichwa cha huyu. Lakini kwanza unipe kachakula."

Ninaandika karibu na moto. Huko nje Samy anaimba, mtoto anapiga makofi. Na huko kilimani Consolée wake amekaa juu ya mti, ananyonyesha, hajui chochote, na Edmond anamwangalia tu, hachoki.

Samy anauliza kama maharage yameiva. Yameiva zamani. Ninaongeza maji.