Picha Yako Ukutani

Kwa dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, zikukute umekaa vizuri na mguu umeunyoosha. Magoti yanasemaje? Ile dawa ya kuchua imekusaidia, au imekunukisha tu kama ulivyolalamika? Sisi huku hatujambo. Mgongo unanikumbusha kila jioni kwamba nguo za watu ni nzito zikilowa, lakini nafua, naanika, napiga pasi, siku zinakwenda.

Barua yako niliipata. Najua nimechelewa kujibu, na najua kwa kununa huna mpinzani. Nimeisoma mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Unasema waajiri wako wamepata msichana mwenye miguu mizima, chumba chao wanakitaka, na shule zikifungwa utafunga mzigo wako uje ukae nasi kwa sababu huna kwingine. Unasema hutaki kitanda, mkeka unakutosha. Dada, subiri kwanza nikueleze habari za Chiriku, maana jibu langu limo humo humo.

Mwanangu yule bado anaongea mpaka kuta zinachoka, lakini kichwa anacho. Nyuma ya soko kuna jengo ambako kila Jumamosi watoto wa mtaa wetu hufundishwa bure. Watu wa maofisini huja, kila mmoja akapewa mtoto wake wa kumfundisha na kumshika mkono, na wao huitwa walezi. Mlezi wa Chiriku ni kijana wa benki, anachomekea shati hata siku ya mapumziko. Alimfundisha hesabu vizuri, sitamnyima haki yake. Mtoto aliyekuwa akihesabu kwa vidole akaanza kufanya sehemu na asilimia kichwani huku anaosha vyombo. Nilimpenda sana kijana yule.

Mwisho wa mwaka huwa wana shughuli yao. Wafadhili hualikwa ukumbini, watoto waliofaulu husimama mmoja mmoja kwenye kipaza sauti wakaeleza maisha yao, kisha kila mfadhili huchagua mtoto wa kumpeleka shule ya bweni. Asiyechaguliwa hurudi mtaani na akili zake. Wazazi tuliambiwa tusije, eti viti havitoshi. Mimi unanijua. Nilivaa gauni la mteja, la kijani lenye mkanda, ambalo nilikuwa nimetoka kulipiga pasi, nikaenda. Mlinzi akanipigia saluti, na ndani nikaketishwa safu ya mbele kabisa, katikati ya wageni. Nilijiona mtu, dada, sitakuficha.

Chiriku akapanda jukwaani, akasalimia kwa adabu. Kisha akasema mama yake alifariki. Akaeleza jinsi nilivyougua, nilivyokonda, na jinsi nilivyomshika mkono siku ya mwisho nikamwambia asome. Nami nimekaa pale mbele yake, mzima wa afya, na gauni la watu. Aliniona. Najua aliniona kwa sababu alinyamaza kidogo, na Chiriku hanyamazi. Nikangoja aseme amekosea. Akaendelea kunizika, na machozi yaliyomtoka yalikuwa ya kweli.

Ukumbi mzima ulilia. Mama mmoja wa makamo aliyekaa kando yangu alinipa leso yake, maana na mimi nilikuwa nalia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nilimfahamu marehemu. Nikajibu ndiyo, nilimfahamu sana. Akauliza mimi ni nani kwa mtoto. Hapo ndipo ningeweza kusema, dada. Nikamtazama Chiriku pale juu, viatu vyake vimefungwa kwa uzi wa gunia, nikasema mimi ni mama yake mdogo. Akanikumbatia, na akamchagua palepale.

Nilimfuata yule mlezi uani nikiwa nimefura. Hakubabaika hata kidogo. Alisema mwaka uliopita mtoto aliyewashinda wote kwa hesabu alikuwa na baba na mama, akaeleza mambo yake kwa ukweli mtupu, wageni wakampigia makofi, na sasa anabeba mizigo sokoni. Alisema akili wote wanazo, wageni huchagua kwa machozi. Kisha akaniuliza kama nataka Chiriku apande tena jukwaani aseme nimefufuka. Nikarudi ndani kuchukua mkoba wangu.

Tangu hapo yule mama mfadhili huja kututembelea. Ni mtu mwema kweli, ndiyo shida yenyewe. Akataka kuiona picha ya marehemu. Alisema si vizuri mtoto akue bila kuitazama sura ya mama yake, na akaleta fremu. Nyumbani picha ni moja, unaijua, ile tuliyopiga studio mimi na wewe, umenishika bega kama askari aliyekamata mwizi. Nilichukua mkasi nikajikata mimi. Wewe ndiye uko ukutani, dada. Mama yake Chiriku aliyekufa ni wewe. Mkono wako bado umeshika kipande cha bega langu, nilishindwa kukitoa bila kukukata vidole. Yule mama kila akija husimama mbele yako akainamisha kichwa, na amesema ulikuwa na uso wa upole. Wewe, uso wa upole. Nilibana kicheko mpaka nikakohoa.

Sasa umeelewa. Shule zikifungwa atamleta Chiriku kwa gari lake, na likizo nzima atakuwa anaingia na kutoka. Sura yako ameikariri. Akikukuta kwangu umekaa mkekani unachua magoti, mtoto atarudi mtaani siku hiyohiyo, na mimi nitaitwa tapeli. Huwezi kukaa hapa, wala kupita mtaa huu. Usije.

Najua unachosema moyoni. Mama yetu alipofariki ulikuwa wewe mwenyewe bado mtoto, ukaacha shule ili mimi nisome japo kidogo, ukala ukoko ili mimi nishibe. Nayakumbuka yote na yananiuma, na bado nasema usije.

Usidhani sikujaribu. Chiriku alipokuja likizo fupi, nilimwambia kwamba mama yake mkubwa amezeeka, hana pa kwenda, tufikirie pa kumweka. Mlango ulikuwa umefungwa, tuko wawili tu, hapakuwa na mgeni wa kutusikia. Hakuinua macho kwenye kitabu.

“Tutamweka wapi, mama mdogo, na yeye ameshakufa?”

Nikangoja acheke. Akafungua ukurasa mwingine. Hajaniita mama tangu siku ile ya ukumbini, dada; huniita mama mdogo, na mimi huitika.

Waombe waajiri wako wakuvumilie kidogo, au nenda kwa wale majirani zako wa zamani. Usimwandikie Chiriku shuleni, barua zao hufunguliwa. Wote wanaoniulizia huko wape salamu zangu, na magoti uyafunike wakati wa baridi. Picha yako naifuta vumbi kila asubuhi kabla sijaanza kufua, na huwa nakuamkia.

Ni mimi mdogo wako,
uliyenibeba mgongoni.