Sheria za Kashaija Kurudi Jana

Maruku, 8 Machi 1953

Dada yangu Clotilda,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi ni mzima, mafua tu ya mvua. Hofu yangu ni juu yako. Tangu tumzike shemeji Apolinary sijapata mstari hata mmoja kutoka Muleba, na kila gari la Bukoba likileta barua nakimbilia kuuliza.

Hapa kituo cha kilimo kazi ni ile ile, kupandikiza miche ya kahawa. Jioni wenzangu wanarudi kwa wake zao, mimi kwenye chumba changu na taa. Ndiyo maana nimemrudia Kashaija wetu. Tulimtunga tukiwa wadogo, tukimsaidia mama kuanika kahawa, yule mtu mfupi wa nchi ya Ng'ambo ya Pili asiyeogopa mfalme wala mamba, na hata ulipoolewa tuliendelea naye kwa barua. Sasa nimekwama. Amefika kwenye mlango ulio ndani ya mwamba, nami sijui unatokea wapi. Nisaidie.

Mdogo wako,
Projestus

Muleba, 2 Aprili 1953

Mdogo wangu,

Salamu zako nimezipata. Mimi nipo. Shemeji yangu Byarugaba ananilimia kibanja cha migomba, mkewe ananiletea chakula. Kula ndiyo kazi.

Nilisema sitajibu habari za Kashaija, mimi ni mjane sasa, si mtoto. Lakini nimeamka nikiujua mlango ule. Unatokea jana. Unatokea siku zilizokwisha kupita, yoyote aitakayo. Wewe unapenda mambo yenye mpango, basi tunga sheria zake.

Dada yako,
Clotilda

Maruku, 20 Aprili 1953

Dada mpenzi,

Waitu, dada wa kwetu, barua yako imenifurahisha mpaka nikaisoma nikitembea, nikakanyaga miche! Natumaini unapata usingizi.

Sheria nimezifikiria. Kashaija atarudi tu kwenye siku aliyoiishi mwenyewe. Akifika anaweza kusema na watu na kula nao, ila lililotokea hawezi kulizuia. Tena lazima atoke kabla jua halijazama, la sivyo mlango unafungwa naye anabaki huko. Bila hivyo hadithi itatushinda. Unaonaje?

Mdogo wako,
Projestus

Muleba, 11 Mei 1953

Projestus,

Hujambo. Sheria ya pili siitaki. Inamsaidia nani? Mtu arudi njia yote ile ili akaangalie tu?

Kashaija amekwenda. Amemkuta mtu akipakia magunia ya kahawa kwenye lori, mvua inanyesha, na mlima mbele unateleza. Akamwambia, "Leo usipande." Yule mtu akashuka, akarudi nyumbani, akamwambia mkewe, "Nipe uji." Nimeandika hivyo, na usifute.

Dada yako

Maruku, 24 Mei 1953

Dada yangu,

Nakusalimu kwa moyo mzito. Yule mtu nilimjua kabla hujataja uji.

Lakini sheria ya pili siwezi kuiondoa. Kashaija akimshusha huyu, kesho tutamtuma akamzuie mama asiugue, kisha mwingine na mwingine, mpaka Ng'ambo ya Pili pasiwe na kaburi. Halafu utaweka kalamu chini, utageuka, na shemeji hatakuwepo. Hapo ndipo ninapopaogopa. Usinikasirikie.

Mdogo wako,
Projestus

Muleba, 30 Agosti 1953

Mdogo wangu,

Salamu. Nimenyamaza muda mrefu, lakini si kwa hasira. Sheria ya pili nimeikubali.

Ila ile ya tatu Kashaija ameivunja. Jua lilipozama alikuwa amekaa na mtu wake, wanakula. Mlango umefungwa. Amesikia wanaomwita huku nyuma, lakini hataki kutoka, na sasa hawasikii tena. Ametulia.

Kanisani siendi. Nguo zangu nzuri nimempa mke wa Byarugaba, yeye bado kijana. Uishi vizuri.

Clotilda

Maruku, 5 Septemba 1953

Dada,

Nimepewa ruhusa. Nakuja na lori la kwanza nitakalolipata, huenda nikafika kabla ya barua hii. Nakuomba sana, nisubiri.

Projestus

Muleba, 4 Oktoba 1953

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini ulirudi kituoni salama na msimamizi wako hakufoka.

Uliposhuka na vumbi mpaka kwenye nyusi, nilidhani umekuja kunihubiria. Ukachukua kisu ukaanza kumenya ndizi, tena vibaya, nusu ikaenda na maganda. Kisha ukaniuliza bila kuniangalia, "Dada, unataka kufa?"

Nikasema, "Sijui. Nataka kuwa alipo."

Ukasema, "Basi leo tupike kwanza."

Wengine wote waliniambia nijikaze. Hakuna aliyeniuliza.

Sasa nalala, ingawa si kila siku. Nachuma kahawa na Kokubanza, mjane wa kijiji cha pili. Hatuongei sana.

Kashaija nimemwacha huko alikochagua. Tulitunga sheria za anayekwenda, hatukutunga hata moja ya anayebaki, na niliyebaki ni mimi. Siwezi kumwandika tena. Kila nikijaribu najikuta kwenye asubuhi ile Apolinary alipopanda lori. Nisamehe, najua ndiye mwenzako wa jioni.

Dada yako,
Clotilda

Maruku, 1 Novemba 1953

Dada yangu,

Salamu nyingi, na nyingine mpe Kokubanza ingawa hanijui.

Sikudanganyi, barua yako iliniudhi, kisha nikaona aibu. Nilijaribu kumtunga mtu mwingine peke yangu, mwanamke mwenye mtumbwi. Alisema maneno yangu mwenyewe, na hakuna aliyemjibu. Nimemwacha.

Siku hizi nakaa barazani kwa Shaban, dereva wa kituo, nasikiliza watoto wake wakisoma Kurani. Sielewi neno, lakini ni sauti za watu. Wakiitwa kula, narudi chumbani.

Hadithi basi, tuziache. Niandikie chochote. Hapa mvua imenyesha tangu asubuhi. Huko je?

Mdogo wako,
Projestus