Kwa Nini Muuaji Lazima Awe Mwendawazimu

Kaka Mbaraka,

Assalaam alaykum. Wewe na wifi mwaonaje hali? Kifua cha mama kimepoa, au bado anagombana na dawa? Mimi mzima, ila mvua ya Tukuyu hainipi nafasi ya kukausha hata kitambaa cha kufutia ubao. Shule yetu hii mpya ya wazazi bado haijatiwa vioo madirishani, nafundisha nimevaa sweta zito la mtumba na vidole vimekufa ganzi.

Vile vitabu vitatu vya kusisimua ulivyonitumia nimevimaliza. Umeniuliza nimevionaje. Usinune: ni upuuzi. Cha kwanza, mume mpole, kumbe muuaji mwenye kichaa. Cha pili, msimuliaji anatudanganya kurasa mia tatu, halafu mwishoni anasema alikuwa mgonjwa wa akili, kana kwamba hilo linatosha. Cha tatu ni yale yale, ila mgonjwa ni dada mtu. Mwandishi akiishiwa na akili zake mwenyewe, anamtwika mhusika wazimu na kufunga kitabu. Nakiri jambo moja tu: kile cha pili kinaijua hofu ya mtu anayeishi peke yake ugenini. Kurasa zake za mwanzo zilinishika hata maharage yakaniungulia jikoni.

Na hicho ndicho kilichonipotosha.

Nimepanga mtaa wa Ibighi kwa Mama Atupele, mama wa makamo anayeuza ndizi sokoni. Ana chumba kimoja kimefungwa kwa kufuli, mumewe hatajwi na mtu, na mwezi uliopita alichimba mashimo nyuma ya nyumba. Kaka, mimi mwenye diploma ya ualimu nikaanza kuyapima yale mashimo kwa macho! Nikaacha kula naye. Akiniletea chai, naimwaga dirishani.

Siku moja mchana akanikuta naimwaga.

"Mwalimu, chai yangu ina nini?"

Nilitafuta uongo nikakosa, nikaropoka: "Baba Atupele yuko wapi?"

Akakaa kwenye kigoda, akafuta mikono kwa khanga. "Yuko Mbeya, wodi ya wagonjwa wa akili. Mwaka wa pili huu. Mle chumbani mna nguo zake na madaftari yake. Alikuwa mwalimu kama wewe."

"Na mashimo?"

"Ya migomba. Wewe ulidhani ya nini?"

Nikamweleza yote, hadi habari za vitabu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliuliza tu:

"Humo ndani, mgonjwa anafanya nini?"

"Anaua."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Kisha akasema, "Huyo aliyeandika, amewahi kumwogesha mmoja?"

Nilimwomba radhi, na Jumamosi nikambebea kikapu hadi Mbeya. Nilikwenda nimejiandaa kuogopa, lakini mzee yule ndiye aliyeniogopa mimi. Ni mwembamba, mlango ukigongwa anashtuka, na aliponiona alijificha nyuma ya mkewe. Mama Atupele akammenyea ndizi mbivu. Akaishika, akanitazama kwa muda mrefu, kisha akaigawa vipande vitatu.

"Mgeni amekula?" akamuuliza mkewe.

Mama Atupele aligeukia ukutani. Baadaye, tukiwa nje, aliniambia kwamba tangu mvua zianze hakuwa amemsikia akisema neno. Akanishika mkono: "Ndaga, mwalimu." Ananishukuru mimi, kaka, niliyekuwa namwaga chai yake!

Sasa tunakula pamoja tena, na kesho kutwa namsaidia kupanda.

Nisalimie mama, na mjomba fundi cherehani, na shangazi wa Pangani aliyenifundisha kusoma. Ukituma tena vitabu, nitafutie kimoja tu ambamo mgonjwa anatunzwa. Kama hakijaandikwa, niambie, nijue.

Dada yako mdogo,
Zuhura