Mapigo Uliyoyaona Kwenye Simu

Dimani, Kibiti,
4 Agosti 2025.

Mpendwa Kaka Habibu,

Asalaam aleikum. Natumai Bashiru, niliyempa barua hii, amekukuta mzima huko Muskati, wewe na wifi yangu Amal. Sisi huku miili ni mizima. Ufuta umekubali mwaka huu, ila nyumba imepooza.

Hitima ya arobaini ya Mama tumeisoma Jumatano. Mjomba Mudathiri alisimamia kila kitu, japo bado ana donge na wewe. Si jambo jepesi mzee kuambiwa na mpwa wake kwamba amemzika dada yake akiwa hai.

Kaka, Mama hakuzikwa hai. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ulimi umenikatalia mara tatu.

Ile saa uliyomletea, ya kupima moyo na kukupelekea mapigo huko uliko, Mama aliivaa wiki moja tu. Kila akitawadha anaivua ili maji yafike kwenye ngozi, halafu anaisahau juu ya pipa. Wewe ukiona kimya unapiga simu huku unahema, hadi bosi wako akakufokea mbele za watu. Hilo lilimchoma Mama. Akaniambia, "Semeni, hebu ivae wewe mwanangu. Huyu atakufa kwa hofu kabla yangu mimi." Tukacheka, nikaivaa.

Nilidhani ni ya siku mbili. Ikawa miezi minne. Miguu ikamvimba, akawa hawezi kulala chali, analala ameegemea ukuta. Nikamsihi twende hospitali, nikuambie na wewe. Akaniapisha nisiseme, na mimi mjinga nikanyamaza. Wewe nawe ulipanga kuja baada ya Idi, ukaahirisha kwa kuwa mapigo ni mazuri. Yalikuwa yangu, Kaka. Nina miaka ishirini na sita, kwa nini yasiwe mazuri?

Alhamisi ile nilikuwa shamba nafunga matita ya ufuta. Simu ya Mama nilikuwa nayo, kwani ile saa haipeleki kitu bila simu kuwa karibu. Mchana wewe ukatuma ujumbe wa sauti: "Mashallah, leo Mama una nguvu, moyo unakwenda kama wa msichana!" Niliisikiliza nimeshika panga. Huku nyumbani Mama yuko peke yake, na hata angetaka kuita mtu, simu ninayo mimi. Hilo ndilo linalonila.

Niliporudi alasiri nilimkuta kwenye mswala, ameshapoa. Nikakupigia, nikaita watu, nikasaidia kumwosha. Sikukumbuka kuivua saa.

Kwa hiyo mapigo uliyoyaona Ijumaa saa nne, Mjomba alipokuwa anamshusha kaburini, yakaenda mbio hadi ukapiga kelele kwenye simu wamtoe, yalikuwa yangu. Nilikuwa nimekaa ndani na wanawake wenzangu, bado nalisikia jeneza lilivyotoka uani.

Mwombe radhi Mjomba, hana kosa. Kosa ni langu, na ukinikasirikia sitakulaumu. Saa Bashiru anayo, nimeifunga kwenye kitambaa chake Mama.

Nisalimie wifi Amal na umbusu mwanao Talib. Shangazi Mwatumu anakusalimu, bado analia. Mungu amlaze Mama pema, akupe wewe subira, na mimi anisamehe.

Mdogo wako akupendaye, hata kama wewe utashindwa kunipenda,
Semeni.