Maneno Aliyoyasema Fundi Saa

Tarehe 9 Machi

Mwanangu Masikio,

Salamu nyingi. Mimi mzima, shangazi yako mzima, na kikohozi chake nacho kizima kama kawaida. Wewe je? Unakula, au unakunywa chai tu na kusema umeshiba?

Tangu muondoke na mitambo yenu ya filamu, duka langu limepata jina. Muuza magazeti wa mlango wa pili ananiita staa. Jana mtu kaja kubadilisha betri, kazi ya dakika tano, kakaa saa nzima akinihoji kuhusu hiyo filamu. Nikamwambia inahusu watu watatu wanaotafuta furaha: nesi, mwalimu aliyeachwa na mkewe, na fundi saa. Hao wawili wanapita tu kuleta saa zao. Filamu yenyewe ni mimi. Akacheka mpaka akasahau chenji yake.

Kuziamsha saa kumenichukua siku mbili. Uliniambia nizisimamishe zote thelathini na moja zisije zikaingia kwenye mashine yako ya sauti, nami nikatii, mimi ambaye sijawahi kusimamisha saa ya mtu kwa makusudi.

Sasa nikuulize. Lile swali lao, ni lini mara ya mwisho nilikuwa na furaha. Nilijibu vizuri? Mwongozaji na kamera yake walikuwa nje, wakinipiga picha kupitia kioo. Uliyenisikia ni wewe peke yako, kule kwenye kona, na hedifoni zako kichwani. Maneno yale sijawahi kumwambia mtu, hata shangazi yako. Tangu mama yako atutoke, miaka minane sasa, mimi na wewe tunaulizana afya na hali ya hewa. Nikaona heri niyaseme mashine ikiwepo, nisije nikayameza tena. Ukiyasikiliza tena, niandikie.

Baba yako


Tarehe 2 Aprili

Shikamoo baba,

Natumaini hujambo, na shangazi anaendelea. Mimi nakula, usijali.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya aibu. Baba, maneno yako hayapo. Picha ipo, nzuri sana, midomo inatembea na mikono yako imetulia mezani. Sauti haipo.

Mashine yangu hubonyezwa mara mbili. Mara ya kwanza inaamka na kunisikilizisha, mara ya pili ndipo inaanza kurekodi. Nilibonyeza ya kwanza. Wewe ukaanza kusema kabla hujaambiwa uanze, kama ulivyo, na mimi nikasikia unachosema, kidole kikagandia pale pale. Miaka sita ya kazi hii sijawahi kukosea hivyo hata kwa mtu mlevi aliyeimba.

Mwongozaji amefoka, kisha akasema tutarudi tarehe ishirini turudie. Nakuomba usinikasirikie. Utasema tena yale yale, na safari hii nitabonyeza mara mbili mbele ya macho yako. Halafu wakishafunga vyombo, nina jambo la kuzungumza nawe, mimi na wewe tu.

Binti yako, Masikio


Tarehe 11 Julai

Mwanangu,

Samahani kwa mwandiko. Ni mkono wa kushoto, haujawahi kwenda shule.

Mlikuja tarehe ishirini mkanikuta nimelazwa, nimepigwa na kiharusi. Shangazi yako anasema ulikaa kando ya kitanda siku nne mpaka ukaitwa kazini. Ahsante. Mkono wa kulia umelala tangu siku ile, na sauti imekwenda. Daktari anasema huenda itarudi. Anavyolisema hilo "huenda" anaangalia viatu vyake. Ujumbe wa simu siwezi, kidole kimoja kinabonyeza herufi tatu. Kwa hiyo barua.

Kiharusi kimechukua na vitu vingine. Siku ya filamu siikumbuki. Najua mlikuja kwa sababu naambiwa mlikuja. Na miaka ile ya mwisho ya mama yako ina matundu kama sweta lililoliwa na nondo.

Jambo la kuchekesha. Shangazi yako alikuja kusafisha duka, akataka kutupa mwavuli uliovunjika ulioko nyuma ya mlango. Niligonga meza kwa ngumi mpaka saa ya ukutani ikaanguka. Akaniuliza wa nini mwavuli wenyewe. Sijui, mwanangu. Najua tu usiguswe.

Baba yako


Tarehe 30 Julai

Shikamoo baba,

Pole. Pole sana. Mwandiko unasomeka, usimwonee huruma mkono wa kushoto, uache ufanye kazi.

Sijui niseme vipi hili. Filamu haiwezi kukusubiri. Mwongozaji ametafuta mwigizaji mwenye sauti ya utu uzima, atasema badala yako juu ya picha yako. Aliniuliza mbele ya wote: "Wewe ulimsikia. Alisema nini?" Nikasema sikumbuki. Nimesema uongo, baba. Nakumbuka kila neno na mahali ulipovuta pumzi. Lakini yangekwenda kinywani mwa mtu asiyekujua, akayasema kwa mbwembwe, akalipwa, akaenda zake. Sikuweza.

Basi mwongozaji akakaa akaandika ya kwake. Nilimwomba aiondoe sehemu yako yote. Akasema ulishatia saini, na bila fundi saa wale wengine wawili hawana pa kukutania. Nimeshindwa. Nilikwenda kulia chooni, nikarudi nikamrekodi yule mtu. Safari hii nilibonyeza mara mbili.

Binti yako


Tarehe 14 Oktoba

Mwanangu Masikio,

U hali gani? Mimi nipo. Sauti haijarudi, na daktari amenunua viatu vipya vya kuangalia.

Filamu yenu wameionyesha kwenye ukumbi hapa kwetu. Nilikalishwa mbele, nimevaa koti la harusi yangu. Nikajiona mkubwa kama nyumba. Nikafungua mdomo, akasema mtu mwingine. "Furaha ni kama saa, ukiitia ufunguo kila asubuhi, haitakuacha." Ukumbi mzima makofi! Nesi wa kwenye filamu analia, mwalimu anatabasamu, na jirani yangu ananipiga mgongoni.

Mimi siwezi kusema upuuzi ule. Saa inasimama hata ukiitia ufunguo, ndiyo maana mimi nimepata riziki miaka arobaini. Niligonga kiti kwa ngumi kuwaambia si mimi. Wakadhani nashangilia, wakaongeza makofi.

Sasa muuza magazeti ameyaandika maneno yale kwa chaki kwenye ubao wake. Wapita njia wanaingia dukani kunishika mkono, huu uliolala. Nakaa tu, natazamwa. Hata kukana siwezi.

Wewe ulikuwepo na masikio yako. Niambie nilisema nini. Nimekuwa mgeni kwenye kinywa changu mwenyewe.

Baba yako


Tarehe 3 Novemba

Shikamoo baba,

Barua hii nimeiandika na kuichana mara tatu. Sijui kama nakurudishia maneno yako au nakurudishia kidonda. Lakini umeuliza, na uongo mmoja unanitosha. Ulisema hivi:

"Mke wangu alikuja dukani siku ya mvua. Nilikuwa nimeinamia saa ndogo ya kike. Nikamwambia, subiri kidogo. Akakaa kwenye benchi. Sikuinua kichwa, lakini nilimsikia anavyopumua, nikaona sina ninachokosa duniani. Nilipomaliza, benchi tupu. Mvua ilikuwa imekatika, mwavuli ameusahau. Wiki tatu baadaye, alipozidiwa, daktari ndiye aliyeniambia kwamba siku ile mke wangu alikuwa ametoka kwake, amepewa majibu mabaya. Alikuja kuniambia mimi. Mara yangu ya mwisho kuwa na furaha ni ile saa moja aliyonisubiri."

Ndipo kidole changu kiliposhindwa, baba. Kwa sababu siku ile ile mama alinipigia simu, akanieleza majibu, akasema, "Nimetoka dukani kwa baba yako." Nikadhani umeambiwa. Na wiki zile tatu zote nikakuona unafungua duka, unacheka na wateja, nikakuchukia. Miaka minane nimekuulizia afya kwa moyo wa jiwe, kumbe hukuwa umeambiwa. Nisamehe. Hili ndilo nililotaka kukuambia tarehe ishirini.

Siwezi kuja kabla ya Januari, nimefungwa na mkataba. Nijibu, hata neno moja.

Binti yako


Tarehe 27 Novemba

Mwanangu,

Nimesoma. Shangazi yako alinikuta nimekaa sakafuni nyuma ya mlango na mwavuli kifuani, akadhani kiharusi kimerudi. Akapiga kelele mtaa mzima ukaja. Wakaniuliza nina nini. Ningewaambiaje?

Sikulaumu, niliuliza mwenyewe. Ila nilikuwa nimesahau, mwanangu, na kusahau kulikuwa na nafuu yake. Sasa nimekumbuka mpaka rangi ya kitambaa alichojifunga kichwani. Hata kulia siwezi kama watu, unatoka mlio tu.

Kunichukia, ungenichukia hata ungejua sikuambiwa. Mimi najua sikuambiwa, na bado najichukia. Hayo yaishe.

Dukani bado naenda. Mkono mmoja haufungui saa, lakini nainama pale pale, ni mazoea ya shingo. Januari ukija ukanikuta nimeinama, usikae kwenye benchi kusubiri. Niguse bega.

Baba yako